Miezi mitano ya goti lisilouma

Winga alipokea mpira pembeni, akataka kukata kuingia ndani, akaanguka peke yake. Beki alikuwa bado mita mbili nyuma yake.

Kibanda umiza kizima, tulikokuwa tunaangalia mechi kwenye runinga, kililipuka kwa kelele. "Inuka wewe!" "Maigizo hayo!" Kuna aliyetaka apewe kadi ya njano kwa kujiangusha.

Karibu na mlango alikuwa ameegemea nguzo dereva mmoja wa bajaji. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Imekatika hiyo." Akachukua funguo zake mezani, akatoka. Walipoanza kurudia picha, bajaji yake ilikuwa imeshawaka.

Kesho yake klabu ikatoa taarifa. Kano ya mbele ya goti imekatika, kijana msimu wake umekwisha.

Maneno yale mawili yamenikaa kichwani wiki na wiki. Si kwa sababu yule dereva alijua. Mtu yeyote wa rika langu aliyekulia Chang'ombe ya hapa Dodoma anafahamu amejulia wapi. Kinachonikera ni kwamba siku goti lake yeye dereva lilipokatika, hapakuwa na mtu hata mmoja pale uwanjani wa kuyasema maneno hayo.

Basi nikamtafuta. Tumezungumza mara kadhaa tangu hapo, nyingi zikiwa ndani ya bajaji yake, foleni ikisogea taratibu kuelekea Sabasaba.

## Fundi

Jina lake sitaliandika, ameniomba hivyo. Mtaani wanamwita Fundi, na hawakumpa jina hilo kwa ajili ya bajaji.

Waliomwona hawahitaji maelezo yangu. Kwa ambao hamkumwona, niwape jambo moja tu. Mpira ulipokuwa unamjia na beki yuko mgongoni, yeye hakuugusa. Aliinua mguu kana kwamba anautuliza, akauacha upite katikati ya miguu yake, na kabla beki hajaelewa, Fundi ameshageuka yuko nao mbele. Alifanya hivyo kwenye vumbi jekundu, juu ya uwanja wenye mawe, mpira wenyewe umeshavimba upande mmoja. Nimeangalia soka nyingi tangu wakati ule na bado sijaona mtu akilifanya jambo lile kwa utulivu kama wake.

Alipita UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akachukuliwa na timu ya daraja la chini hapa mkoani, na mwaka 2013, akiwa na miaka 19, akaitwa majaribio Dar es Salaam na klabu ambayo kila mtoto wa nchi hii anaijua. Majaribio yalikuwa ya mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata.

Goti lilikatika mwezi wa nane.

## Mwezi wa nane

Mwezi wa nane Dodoma mvua imeshasahaulika, na inayofuata iko mbali. Ardhi inakuwa ngumu kiasi kwamba ukikimbia unasikia kisigino kinakurudishia kila hatua. Wengi wetu tulikuwa tunavaa njumu za mtumba zenye meno marefu, zilizotengenezwa kwa ajili ya nyasi zenye unyevu. Kwenye ardhi yetu meno yale ama yanateleza ama yanashika kwenye ufa na hayaachii.

Ya Fundi yalishika. Mguu wa kushoto ukabaki chini, mwili ukageuka. Anasema alisikia "pa!" akadhani ni mtu amempiga kwa nyuma. Alipogeuka, nyuma hapakuwa na mtu.

Kabla ya usiku kuingia goti lilikuwa limejaa mpaka suruali haipiti. Asubuhi wakampeleka kituo cha afya, akapigwa eksirei. Majibu yakawa mazuri: mfupa uko salama. Akapewa dawa za maumivu na bandeji, akaambiwa apumzike.

Nimeuliza watu wa tiba kuhusu hili, na wote wananieleza jambo moja. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Mchezaji anayegeuka bila kuguswa, akasikia kitu kimepasuka, kisha goti likajaa ndani ya saa chache, anatakiwa ahesabiwe kuwa amekata kano ya mbele mpaka ithibitishwe vinginevyo. Picha safi ya eksirei haiondoi shaka hiyo hata kidogo. Ila mtaani kwetu "mfupa uko salama" tulielewa kuwa ni "uko salama". Na nani angetulaumu? Mwenye koti jeupe ndiye aliyesema.

Mama yake akampeleka kwa mzee mmoja anayekanda. Maji ya moto yenye chumvi, mafuta ya kuchua, asubuhi na jioni. Uvimbe ukashuka. Wiki ya tatu Fundi alikuwa anatembea bila kuchechemea, na mzee akapewa kuku wake.

Hapa ndipo ninaposimama kila ninapoisimulia hadithi hii.

## Lilinyamaza

Kano iliyokatika haiumi siku zote. Maumivu ya mwanzo yanatokana na damu na uvimbe ndani ya goti, na hayo yakiisha, mtu anaweza kutembea, kupanda ngazi, hata kukimbia mbio za kunyooka. Kazi ya kano ile ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na kulishika goti unapogeuka. Kwa hiyo kasoro haionekani mpaka ugeuke. Ni kama mlango uliobaki na bawaba moja: unafunguka na kufunga vizuri wiki nzima, siku ukiusukuma kwa pembeni unakubakia mkononi.

Na Fundi alikuwa mchezaji wa kugeuka. Ndicho kilichompa jina.

Mwezi wa tisa alirudi mazoezini. Mara ya kwanza goti lilipomchomoka, alianguka, akainuka, akacheka. Mara ya pili ilikuwa kwenye mechi ya ligi. Baada ya hapo akaanza kufunga bandeji mbili na kumeza diklofenaki, vidonge vya maumivu, kabla ya mechi. Mwalimu wake alijua kuhusu vidonge. Wachezaji wenzake nao walijua, kwa sababu ndio waliomgawia.

"Ulikuwa unaogopa?" nilimuuliza.

"Niogope nini, kaka? Lilikuwa haliumi."

Bajaji ilisogea kidogo, ikasimama. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa mwezi wa kwanza usifike."

Mama yake ndiye aliyeona. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kueleza nilichofuata alinionyesha kwa kidole choo kilichoko uani. Ni choo cha kuchuchumaa. Mwezi wa kumi ule aligundua kuwa ndoo yake moja kubwa, ile yenye mfuniko mgumu, kila asubuhi anaikuta chooni. Akaitoa, kesho yake ikarudi. Alichungulia mkao wake, akaelewa kuwa mwanawe anaegemea ndoo ile ili asikunje goti la kushoto.

"Nikamwambia, baba, goti hilo halijapona. Akaniambia, mama, mbona mpira nacheza?"

Hakuwa na jibu la hoja hiyo. Mimi pia nisingekuwa nalo.

## Mikono miwili

Majaribio yalifika. Siku ya kwanza Fundi alicheza vizuri, kuna watu waliokuwepo wanaothibitisha. Siku ya pili aligeuka, goti likachomoka, na safari hii halikurudi. Lilijifunga likiwa limekunjwa nusu, halinyooki wala halikunjiki. Kipande cha gegedu, ule mto laini ulioko kati ya mifupa ya goti, kilikuwa kimechanika na kujibana katikati ya mifupa hiyo.

Daktari aliyempokea Dar alimlaza chali. Alianza na mguu wa kulia, ule usioumia. Akakunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akauvuta muundi kuja mbele. Siku chache baadaye, kile kipande kilipokwishaondolewa na goti limelegea, akafanya vilevile kwenye mguu wa kushoto.

"Wa kulia uligota," Fundi ananisimulia, huku ameachia usukani anaonyesha kwa mikono. "Wa kushoto ulikuja tu."

Kipimo hicho hakihitaji umeme. Kinataka mikono miwili ya mtu aliyefundishwa, na nusu dakika. MRI, mashine ya picha inayoonyesha hadi kano, ilikuja baadaye kuthibitisha, na miaka hiyo kwa mtu wa kwetu MRI maana yake ilikuwa ni safari ya Dar es Salaam. Lakini mikono? Mikono ingeweza kuwepo Dodoma mwezi wa nane.

Hilo limenisumbua kuliko yote. Fundi angepimwa hivyo wiki ya tatu, uvimbe uliposhuka, angejua. Pengine upasuaji usingepatikana haraka, pesa ingekuwa tatizo vilevile, majaribio yangempita. Ila gegedu huenda ingekuwa nzima. Kano inaweza kutengenezwa upya, kwa kuchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti. Gegedu iliyosagika hairudi. Goti linabaki mfupa kwa mfupa, na mtu wa miaka thelathini anatembea na goti la mzee.

Upasuaji wa kano ya Fundi uliahirishwa mpaka pesa ipatikane. Haikupatikana.

Bodaboda alijaribu, akaacha. Abiria akiwa nyuma na ukasimama kwenye mchanga, mguu mmoja ndio unaobeba kila kitu, na wa kwake wa kushoto haubebi. Bajaji breki iko mguu wa kulia, klachi na gia ni mkononi. Aliichagua kwa sababu hiyo.

## Anajifanya

Usiku ule wa kibanda umiza ulinirudisha kwa Brian Clough. Wengi tunamfahamu kama kocha aliyeipa Nottingham Forest Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Kabla ya hapo alikuwa mshambuliaji wa kutisha: mabao 251 katika mechi 274 za ligi, akiwa Middlesbrough na Sunderland. Tarehe 26 Desemba 1962, Sunderland wakicheza na Bury, aligongana na kipa, goti likaharibika. Alisimulia mwenyewe kwamba wakati amelala pale chini, mchezaji wa Bury, Bob Stokoe, alikuwa anamwambia mwamuzi kuwa anajifanya tu. Clough hakulisamehe neno lile. Alirudi mwaka 1964, akacheza mechi tatu za ligi, akatundika daluga akiwa na miaka 29.

Hata kule, miaka ile, kitu cha kwanza kusemwa juu ya mtu aliyelala chini ni kwamba anaigiza.

Nikimtaja Fundi, mashabiki wananijibu kwa jina la Ronaldo, yule wa Brazil. Mbona yeye alirudi? Ni kweli. Lakini tuikumbuke hadithi nzima. Aliumia goti Novemba 1999 akiwa Inter Milan, akapasuliwa, na tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa kwenye fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio. Haikupita hata miezi mitano. Ndani ya dakika chache aligeuka mbele ya beki, hakuguswa, goti likavunjika vibaya kuliko mwanzo. Jeraha lake lilikuwa kwenye kano nyingine, ile inayoshuka kutoka kwenye kifuniko cha goti, ila haraka ilikuwa ileile. Mara ya pili ndipo wakampa muda, zaidi ya mwaka bila mechi ya ushindani. Mwaka 2002 akafunga mabao 8 Kombe la Dunia, mawili kwenye fainali dhidi ya Ujerumani.

Kwa hiyo Ronaldo ananiunga mkono mimi. Alipoharakishwa, alianguka. Alirudi alipolipiwa muda, na kulikuwa na klabu iliyomlipa mshahara akiwa amelala kitandani. Fundi mwezi wa tisa alikuwa analipwa posho ya mechi. Hachezi, halipwi. Leo madaktari wanashauri angalau miezi tisa baada ya upasuaji wa kano ya mbele kabla ya kurudi kwenye mechi, na anayewahi anajiweka kwenye hatari kubwa ya kulikata tena. Miezi tisa bila kipato, Chang'ombe, ukiwa na miaka 19.

## Tusipokubaliana

Mimi namlaumu mwalimu wake. Naliandika hili nikijua atalisoma. Mtu mzima anayemwona kijana anameza vidonge na kufunga bandeji mbili, kisha anaandika jina lake kwenye kikosi cha kwanza, ana deni.

Fundi hakubali. Anasema mwalimu alikuwa analipa nauli za wachezaji kutoka mfukoni mwake, hakuwa na daktari wala fizio, na timu ilikuwa inapigania kubaki ligi. "Ningewekwa benchi ningehama timu," anasema. Huenda yuko sahihi. Bado sijashawishika, na tumeliacha hapo kila mmoja na lake.

Tunachokubaliana ni kwamba Dodoma ya leo si ile. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015 kule upande wa Chuo Kikuu, ina MRI. Dodoma Jiji walipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na uwanja wa Jamhuri sasa kuna mechi ambazo benchi lina mtu wa tiba. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ana pa kuanzia pia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015, na kuumia kazini ni kuumia kazini, hata kazi yenyewe ikiwa ni mpira. Mchezaji yeyote anayesoma hapa amuulize kiongozi wake kama klabu inamchangia. Aulize kabla ya kusaini.

Ndondo, mashindano ya mtaani, ni habari nyingine. Huko hakuna mkataba, kuna nauli na maji ya kunywa, na ndiko waliko vijana wengi. Lakini hata huko kuna yanayowezekana bila pesa. Kuna mpango wa mazoezi ya kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+, dakika kama ishirini, hautaki kifaa zaidi ya mpira: kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea upande mmoja na vidole, kusimama kwa mguu mmoja, kujikaza nyuma ya paja. Timu zinazoufuata kwa dhati zimepunguza majeruhi kwa kiasi kikubwa. Na viwanja vyetu vikavu si visingizio, ni hatari yenyewe. Australia, watafiti waliofuatilia wachezaji wa mpira wa kule waliona kano hizi zikikatika zaidi kipindi ambacho mvua ni haba na ardhi imekauka. Nilipomsomea Fundi hilo aliniuliza kama Australia wanamwagia viwanja maji. Nikamwambia wanamwagia. Akatazama nje.

Sisi mwezi wa nane tunapanga foleni ya maji ya kupikia.

## Kijana wa Nkuhungu

Wiki iliyopita Fundi alinipigia usiku. Siku hizi jioni anapita uwanja mmoja wa Nkuhungu kuwapashisha mwili vijana, na mmoja wao, kidato cha tatu, miaka 17, alikuwa ameanguka mwenyewe mazoezini. Goti lilijaa jioni ileile. Akaenda kupigwa eksirei. Mfupa uko salama.

Sasa uvimbe umeshuka na kijana anatembea. Ameshachaguliwa timu ya shule ya UMISSETA. Baba yake alimuuliza Fundi kama haiwezekani acheze kwanza mashindano, kwa kuwa wasaka vipaji watakuwepo, halafu goti litazamwe baadaye.

"Mzee wangu, hapana," Fundi alimjibu. "Nakuomba sana. Hapana."

Mzee hakufurahi. Alisema mtoto ni wake, na bajaji haimfanyi mtu kuwa daktari. Fundi aliniambia hayo bila uchungu, akaongeza kuwa hata baba yake yeye angesema vilevile.

Kupimwa ni Jumanne. Mama wa kijana amekubali na nauli ipo. Baba bado. Mwalimu wa michezo wa shule hapokei simu ya Fundi, kwa hiyo kesho asubuhi tunakwenda kumwona shuleni, kabla orodha ya wachezaji haijapelekwa wilayani.